Jina la Nne

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Stanleyville, Julai 1960. Uhuru haujatimiza hata wiki mbili, na redio inasema askari wa jeshi la Force Publique wamewageuka maofisa wao Wabelgiji. Ramazani, mpishi katika nyumba ya Wazungu kando ya mto, anaona mezani orodha ya abiria wa ndege ya kesho. Nyumba ina watu watatu. Orodha ina majina manne, na la nne ni la mpwa wake: Aziza, miaka 8.

SASA ENDELEA...

Ramazani aliisoma tena, kidole kikifuata herufi moja moja kama alivyofundishwa utotoni. Hakukosea. Orodha ilikuwa imepigwa taipu, kwa hiyo hakuweza kuujua mkono ulioiandika. Aliirudisha chini ya kisahani cha majivu, akaenda jikoni kuchemsha kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Kwa miaka minane jina lile halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba hii.

Mjini kila Mzungu alikuwa na jina lake la pili, ambalo mwenyewe hakulijua au alijifanya halijui. Mwenye nyumba hii, waliyemwita Bwana Polepole, kwa jinsi alivyoendesha ile Peugeot yake kama amebeba mayai, alikuwa zamani kijana wa kupima miche ya kahawa kwenye mashamba ya utafiti ya INEAC, kule Yangambi. Zaina, mdogo wake Ramazani, aliishi naye huko, akimpikia na kumfulia, na mengine ambayo msomaji hahitaji kuelezwa. Kisha meli ikamleta Madamu kutoka Antwerpen na pete kidoleni. Zaina akarudishwa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na cherehani moja na mimba ya miezi mitano.

Hapa niseme kidogo. Mtoto wa Mzungu na mwanamke Mwafrika hakuwa wa mama yake mbele ya serikali ya wakati ule. Alitafutwa, akachukuliwa, akapelekwa kwa masista, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni wengine walipakiwa ndege, kama wale wa Save nchini Rwanda, wakagawiwa familia za Ubelgiji wasizozijua. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya hukohuko ikaamua kwamba dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa hivyo Kongo. Zaina hakungoja mahakama. Kila gari la misheni lilipoonekana kwenye kivuko, Aziza alipandishwa treni ya CFL, kilomita 125 hadi Ponthierville kwa shangazi wa mama yake, akarudi gari likishasahaulika.

Sasa jina la mtoto aliyefichwa hivyo limepigwa taipu.

Ukumbini Madamu alikuwa amepiga magoti mbele ya masanduku matatu, anapanga na kupangua. Kila abiria mzigo mmoja, ndivyo walivyoambiwa. Vijiko vya fedha vilitoka, picha za harusi zikaingia. Picha zikatoka, likaingia koti zito la mwanawe Luc, koti ambalo mtoto yule hajawahi kulivaa kwa kuwa amezaliwa hapahapa kwenye joto la ikweta. Mbwa alikuwa akimfuata kila anayenyanyuka, maana mbwa hujua masanduku maana yake nini.

Saa tatu hivi mlango ulibishwa. Alisimama mtu wa makamo, suti ya kahawia, nyuma yake mkewe na godoro kichwani.

"Salamu, baba," alisema yule mtu. "Nimekuja kuona kama wameshatoka."

"Nani hao?"

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na muhuri wa zambarau, bila shaka uliochongwa kwenye kiazi. Nyumba hii, namba yake na barabara yake, imeuzwa kwa faranga 500, atakabidhiwa mwenye karatasi mara baada ya uhuru. Matapeli wa aina hiyo walivuna kote nchini miezi ile. Waliuza nyumba za Wazungu, waliuza magari, wengine waliuza hadi visanduku vilivyofungwa vya kufunguliwa siku ya tarehe 30 Juni, ambavyo ndani vilikuwa na udongo.

Ramazani angeweza kumwambia. Alimtazama yule mama, shingo imetulia chini ya godoro, akashindwa.

"Rudi kesho kutwa, baba. Bado wanafunga."

"Aksanti sana." Kisha, kwa sauti ya chini: "Jiko lake la kuni au la umeme?"

"La umeme. Wa maporomoko ya Tshopo."

Mtu yule alimgeukia mkewe kwa fahari, wakaondoka zao.

Bwana alikuwa gereji, anapima mafuta ya gari. Ramazani alisimama mlangoni hadi akaonekana.

"Bwana, naomba kuuliza neno."

"Uliza."

"Mtoto wa Zaina anakwenda Ulaya?"

Kijiti cha kupimia mafuta kilianguka kwenye saruji. Bwana hakukiokota. Aliufuta mkono mmoja kwa mwingine, akaendelea kuufuta hata ulipokuwa mkavu.

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Karatasi iliyo mezani, Bwana."

Akaingia ndani, akarudi nayo, anaisoma huku anatembea. Masikio yalimwiva. "Sikuliandika mimi," alisema. Akatafuta penseli mifukoni, hakuipata. "Nitamwambia karani wa Sabena alifute. Ramazani, nisikilize. Siwezi kushuka Brussels na mtoto yule. Mama yangu atakuwa uwanjani ananisubiri."

Ramazani alikuwa amejiandaa kumkatalia Mzungu anayemtaka mtoto. Mzungu asiyemtaka mtoto alimkuta hana neno mdomoni.

"Kama si wewe, Bwana, ni nani?"

Mlango wa stoo ulifunguka nyuma yao.

"Mimi," alisema Madamu.

*

Wenyeji walimwita Mama Funguo. Sukari, chumvi, mafuta, sabuni, vyote vilikaa ndani ya stoo ile, na shada la funguo lilining'inia kwenye mshipi wake hata kanisani. Ramazani alimpikia miaka sita, na kila asubuhi alipimiwa sukari kwa kijiko kana kwamba ni dawa.

Madamu alimvuta ndani ya stoo, akaurudisha mlango. Alizungumza Kiswahili cha jikoni, kile cha Wazungu wa Kongo kisichokuwa na tafadhali.

"Mimi najua toto ile. Alikuja hapa na weye, Pasaka, alileta kwanga. Midomo ya Luc. Kidevu ya Luc. Mimi si kipofu."

"Madamu..."

"Kesho, saa mbili, leta yeye."

"Ana mama yake, Madamu."

Hapo Madamu alifanya jambo ambalo Ramazani hakuwahi kuliona. Aliufungua mshipi, akalichomoa shada zima la funguo, akalibwaga katika kiganja cha mpishi wake na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Nyumba yako," alisema. "Toto yangu."

Kama alikuwa na huruma, au alitaka kumlipa mumewe mbele ya mama mkwe kule Brussels, uso wake haukusema. Ramazani alibaki peke yake kati ya makopo ya maziwa ya Nestlé, ana nyumba ya vyumba saba mkononi, na hakuwa ametamka ndiyo wala hapana.

Jioni alishuka kuelekea mtoni. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, isipokuwa la Mhindi muuza vikwembe, aliyekaa kwenye kiti chake barazani kama siku zote.

"Wako wanaondoka lini?" aliuliza Mhindi.

"Kesho."

"Mimi nilikuwa Bombay, Februari 1948, kikosi cha mwisho cha Waingereza kilipopanda meli. Bendi inapiga, saluti, gwaride. Kule bara watu wameshachinjana kwa ule mpaka waliouchora, mamilioni wako njiani na vifurushi, lakini wenyewe wamekwenda zao na bendi." Alicheka puani. "Hawa wanaondoka kahawa ikiwa bado mezani."

Hakukosea sana. Wanasiasa waliokutana Brussels Januari na Februari mwaka ule ndio walioipanga tarehe 30 Juni, na Wabelgiji karibu 90,000 waliokuwa Kongo wengi wao waliamini kwamba bendera ingebadilika na ofisi zingebaki zilivyo. Jenerali Janssens, kamanda wa Force Publique, aliwaandikia askari ubaoni, tarehe 5 Julai, kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Jioni hiyohiyo maasi yakaanza. Sijui kama kuna chaki iliyowahi kugharimu nchi kiasi kile.

"Na wewe hurudi kwenu?" Ramazani aliuliza.

"Nauza vitambaa, ndugu yangu. Anayeingia anavaa, anayetoka anavaa."

Kivuko kilikuwa kimesimamishwa kabla ya magharibi. Ramazani alipata mtumbwi wa Mlokele mmoja aliyedai nauli mara tatu, akalipa bila kubishana. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai, na kutoka juu, upande wa mitego ya Wagenia, ngurumo ya maporomoko ilifika kwa kukatikakatika. Funguo zilimgonga pajani kila mtumbwi ulipoyumba.

Zaina alimsikiliza akiwa ameshika mguu wa cherehani, hakukatiza hata mara moja. Hilo lilimtisha Ramazani kuliko kelele. Sombe ilikuwa inapoa kwenye sahani. Nyuma ya pazia la kitenge, Aziza alikuwa amelala, au ndivyo walivyodhani.

"Umemaliza, kaka?"

"Nimemaliza."

"Hebu toa mfukoni hicho kinacholia."

Aliziweka funguo mezani. Zaina alizihesabu kwa macho, kuanzia ule mkubwa wa mlango wa mbele hadi kile kidogo cha stoo.

"Kumbe ndiyo bei yake."

"Zaina, sijakubali kitu."

"Umezibeba. Umevuka nazo mto."

"Nisikilize, mdogo wangu. Juzi kisimani walimwita Mflama. Watoto wadogo, wala hawajui maana yake! Hasira za watu zikipanda, watauliza huyu mama yake ni nani? Kule atasoma, atavaa viatu..."

"Viatu anavyo." Zaina alisimama. "Patrice Lumumba alikuwa karani wa hundi pale posta, tulikuwa tunamwona na tai yake. Leo ni Waziri Mkuu. Finant je? Baba Mzungu, mama mwanamke kama mimi, na leo ni mkuu wa jimbo hili zima. Hiyo ndiyo nchi aliyozaliwa Aziza, kaka. Sasa imefika zamu yao, ndipo mwanangu akawe mjakazi wa mama yake Polepole?"

"Polepole hamtaki. Mkewe ndiye anamtaka."

Hilo Zaina hakulitegemea. Alikaa tena. Kwa kitambo hapakusikika kitu ila wadudu wa nje na, mbali kidogo, kichwa cha treni kikitoa moshi stesheni.

"Hamtaki?" aliuliza.

"Anaona haya."

Zaina alizikamata zile funguo akazirusha. Ziligonga ukuta, zikaangukia karibu na pazia. "Treni ya alfajiri, kama bado ipo, tutaipanda. Mwambie Mama Funguo mtoto hayupo. Mwambie amekufa. Wewe ni mjomba wake, nimekuheshimu, nimekusikiliza hadi mwisho. Sasa lala, usiku huu hakuna wa kukuvusha."

Ramazani alilala kwenye kiti, koti lake limetundikwa msumarini. Kabla usingizi haujamchukua aliinuka, akapapasa sakafuni gizani, akaziokota funguo na kuzitia mfukoni mwa koti. Alizitia, ana hakika. Baadaye angeapa hivyo.

*

Alivuka na mtumbwi wa kwanza wa wanawake wa samaki, ukungu ukiwa bado umeulalia mto. Hakumwamsha mtu. Alidhani ni adabu.

Mlango wa jikoni aliukuta umeegeshwa tu, akajua Madamu ameamka. Asubuhi nzima ilikwenda mbio. Sukari haikupimwa; stoo ilikuwa imefungwa, na Ramazani hakuona haja ya kuifungua. Alikaanga mayai ambayo yaliliwa na Luc peke yake. Mbwa ndiye aliyewachelewesha, maana alikuwa amekaa mbele ya mlango wa stoo, ameutazama, anatikisa mkia taratibu, na hakukubali kuitwa wala kuvutwa. Mwishowe Luc alilia, baba yake akasema mwacheni, wakamwacha.

"Toto?" Madamu aliuliza, mguu mmoja tayari garini.

"Hayupo, Madamu. Wameondoka na mama yake kwa treni."

Hakujibu. Alimtazama Ramazani mkanda wa kaptura, pale ambapo mtu mwingine angening'iniza funguo, kisha akaingia garini. Bwana aliuvuta mlango wa mbele, akaufunga kwa ufunguo wake mwenyewe, akasita, akautupa ufunguo ule kwenye maua. Ramazani alipanda nyuma pamoja na masanduku.

Njia ya kwenda uwanja wa Simisimi ilikuwa imejaa magari yaliyobeba vitu hadi juu ya paa. Wengine hawakungoja ndege. Walikuwa wameshika njia ya mashariki, Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, wakitumaini kutokea Uganda kabla petroli haijawaishia. Kizuizi kilikuwa cha mapipa mawili na mti. Askari wa kambi ya Ketele walikagua kila buti. Sajini wao alikuwa mwembamba, mpole wa sura, cheo kipya begani kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, maana Lumumba alikuwa amempandisha kila askari daraja moja wiki ileile.

"Karatasi."

Bwana alimpa. Sajini alisoma kwa sauti, akihesabu kwa kuwanyooshea kidole. Baba. Mama. Mtoto. Kidole kikabaki hewani.

"Aziza. Miaka minane." Aliinama akachungulia ndani. "Naona watatu."

"Kosa la mashine," alisema Bwana haraka. "Hakuna mtu wa jina hilo."

"Aziza ni jina la kwetu. Mashine ya Sabena imelijuaje?"

"Simjui, nakwambia!"

"Yeye mtoto yake," alisema Madamu, macho mbele. "Anakuja."

Sajini alimtazama mume, akamtazama mke, akaikunja orodha na kuitia mfukoni mwake. "Basi tutamngoja. Majina manne, watu wanne. Gari kando!"

Injini za ndege zilikuwa zimeshaanza kuunguruma nyuma ya miti. Luc aliziba masikio. Ramazani alishuka, akitafuta uongo wa kumwambia sajini, na hapo ndipo alipomwona mwanamke anayekimbia kandokando ya msururu wa magari, kikwembe kimelowa hadi magotini, kiatu kimoja mkononi.

"Nirudishie!" Zaina alipaza sauti kabla hata hajafika. Alimrukia kaka yake akamshika shati kwa mikono miwili. "Nirudishie mwanangu, Ramazani! Nimeamka, mkeka mtupu!"

"Zaina, mimi sinaye. Nilijua mko kwenye treni!"

"Treni gani? Nimekimbia gati lote. Mwanamke mmoja wa samaki amesema alimvusha kwa mtumbwi wao wa kwanza kabisa, usiku bado. Alimwambia anamfuata mjomba wake."

Mtumbwi wa kwanza kabisa. Basi wake yeye ulikuwa wa pili. Ramazani alitia mkono kwenye mfuko wa koti. Akatia kwenye ule mwingine. Akaugeuza nje, na hapakuanguka kitu ila makombo ya tumbaku. Mlango wa jikoni ulioegeshwa. Stoo iliyofungwa. Mbwa aliyekataa kuondoka.

"Sajini," alisema, na sauti haikuwa yake. "Naomba nirudi mjini. Mara moja tu, nakimbia, nakuja."

"Hakuna anayerudi."

"Kuna mtoto ndani ya nyumba!"

Lakini sajini alikuwa ameshampa mgongo. Lori la askari lilikuwa linageuza pale kwenye mapipa, vijana kama ishirini wamesimama nyuma na bunduki zao, na dereva ametoa kichwa dirishani anangoja amri.

"Wanasema Wazungu wameficha silaha majumbani," sajini alimwambia. "Anzeni na zile nyumba za mtoni. Msigonge hodi. Mlango mtakaoukuta umefungwa kwa ndani, pigeni risasi."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO